Julai 1890: Revolveri ya Shabaha na Mstari Uliochorwa Juu Yetu

 Leo sitaongea muhogo wala mbolea. Nitaongea silaha. Najua agronomu na revolveri ni vitu viwili ambavyo havilali nyumba moja, lakini soma mpaka mwisho, utaona nimefikaje huku.

Mwenzetu mmoja tuliyemaliza naye lisansi anaendelea na masomo kule Liège, Ubelgiji. Siku moja ya mapumziko alipita sokoni kwa wakusanyaji wa silaha za kale, akanitumia picha. Wazee wawili wameinama juu ya meza yenye kitambaa cha kijani. Mmoja amevaa glavu nyeupe za pamba kama daktari. Mikononi iko na revolveri moja ndefu, nyeusi inayoelekea bluu. Mwenzetu akaniambia kwa sauti: "Ndugu, hawa wazee walikuwa karibu kulia. Wanasema hii njo Colt Bisley, ile ya shabaha, yenye mgongo bapa. Mtu anaweza kuzeeka katika hii kazi bila kuishika hata moja."

Mimi nikajiuliza: chuma cha kuua, mtu anakilia kwa sababu gani? Nikaanza kutafuta na kusoma. Nilichokipata ndicho kilichonifanya niandike.

Kwanza tuelewe kitu chenyewe. Revolveri ni bastola yenye silinda inayozunguka, risasi sita zimekaa ndani, moja baada ya nyingine. Ile ambayo watu wanaijua kupitia filamu za makauboi ni Colt ya mwaka 1873, iliyotengenezwa Hartford, Marekani. Hiyo ilikuwa ya jeshi na ya njiani. Ukiitumia kulenga kikaratasi, inakupa shida: kwa nyuma, kitu cha kulengea ni kijifereji tu kilichochongwa juu ya chuma. Ikiwa risasi inaenda kushoto, itaenda kushoto maisha yote, labda upinde chuma chenyewe.

Mwaka 1894 Colt wakatoa aina nyingine, wakaiita Bisley. Mpini wake unapanda juu zaidi nyuma ya mkono, nyundo yake iko chini kidogo ili kidole gumba kiifikie bila kuachia mpini, na kifyatulio ni kipana, kimepindika vizuri. Zilitengenezwa kama 44,000 hivi. Lakini ndani ya hizo kuna kikundi kidogo, hakifiki hata 1,000, ambacho chuma chake cha juu kimesawazishwa kikawa bapa. Juu ya huo ubapa wameweka kipande cha kulengea ambacho unaweza kukisukuma kushoto au kulia. Mbele, kwenye ncha ya mtutu, kuna kibati chembamba kinachoshikwa na skrubu, kwa kurekebisha juu na chini. Hii njo ile wazee waliyokuwa wanaililia. Kati ya arobaini na kitu unapata moja.

Tena kuna jambo la pili wanalolipenda: karatasi. Kiwanda kiliandika kila namba katika daftari, yaani mtutu una urefu gani, risasi za aina gani, silaha ilitoka siku gani, ilitumwa kwa nani. Leo, zaidi ya miaka mia moja baadaye, mwenye silaha anaweza kuomba barua kutoka kwa hifadhi ya Colt ikimwambia chuma chake kilizaliwa lini na kilienda wapi. Revolveri isiyo na barua ni nzuri. Yenye barua ni hazina. Shika hilo neno, karatasi, tutalirudia.

Sasa, kwa nini jina Bisley? Bisley ni kijiji cha Uingereza, katika wilaya ya Surrey. Waingereza walikuwa na mashindano yao makubwa ya kulenga tangu mwaka 1860, mahali panaitwa Wimbledon. Siku ya kufungua, Malkia Victoria mwenyewe alipiga risasi ya kwanza. Tuseme ukweli, hakushika kitu: bunduki ya Whitworth ilifungwa kwenye chuma, imelengwa tayari, yeye akavuta kamba, risasi ikaenda karibu kabisa na katikati. London ilipozidi kupanuka, uwanja ukawa mdogo na wa hatari kwa majirani. Mashindano yakahamia Bisley. Mkutano wa kwanza hapo ulifanyika mwezi wa Julai, mwaka 1890.

Bisley ikawa kama Makka ya walengaji. Kulikuwa mashindano ya revolveri kwa yadi 20, kama mita 18, mkono mmoja umenyooshwa, mwingine umetulia. Mmoja wa mabingwa alikuwa Walter Winans, Mmarekani aliyezaliwa Urusi, ambako familia yake ilitajirika kwa kujenga reli, kisha akaishi Uingereza. Huyu bwana alipiga shabaha kwa revolveri, akaandika kitabu juu ya sanaa hiyo, akapata medali ya dhahabu ya kulenga katika Olimpiki ya 1908, na mwaka 1912 akapata dhahabu nyingine, mara hii kwa kuchonga sanamu ya farasi! Wakati ule Olimpiki ilikuwa na mashindano ya sanaa pia. Kwa watu kama hao, kupiga katikati ya duara ilikuwa sawa na kupiga piano. Mkono, jicho, pumzi. Mtu alihesabiwa kuwa mstaarabu kwa sababu aliweza kuweka risasi sita mahali panapofunikwa na kikombe.

Mpaka hapa hadithi ni tamu. Mimi pia niliipenda. Lakini tarehe ikanikwama kooni: Julai 1890. Nilikuwa nimeshaiona mahali pengine.

Tarehe 2 ya mwezi ule ule, mwaka ule ule, ng'ambo ya bahari kidogo, mjini Brussels, wajumbe wa dola 17 walitia saini Mkataba Mkuu wa Brussels. Walikuwa wamekutana tangu Novemba 1889. Kati ya hizo dola kulikuwa Ubelgiji, Uingereza, Ufaransa, Ujerumani, Ureno, Marekani, Urusi, Uturuki, hata Zanzibar na Uajemi. Kulikuwa pia ile iliyoitwa Dola Huru ya Kongo, yaani sisi, chini ya Leopold wa Pili, ingawa hakuna Mkongomani aliyeulizwa kitu. Lengo lililotangazwa lilikuwa kumaliza biashara ya watumwa. Na tusidanganyane: biashara hiyo ilikuwepo, ilikuwa mbaya, na bunduki ndizo zilizoipa nguvu. Kutoka Tanganyika mpaka Lualaba, vijiji vilichomwa na watu wakafungwa minyororo na wenye bunduki. Kupunguza silaha ilikuwa na maana.

Lakini angalia walivyopunguza. Walichukua ramani ya Afrika wakachora mistari miwili: mmoja kwa digrii 20 kaskazini ya ikweta, mwingine digrii 22 kusini. Kati ya hiyo mistari miwili, kutoka Atlantiki mpaka Bahari ya Hindi, wakakataza kuingiza bunduki zenye mifereji ya kuzunguka ndani ya mtutu na silaha zote zilizoboreshwa. Cairo iko nje ya mistari. Johannesburg iko nje. Lubumbashi, Kisangani, Goma, Bukavu, Kinshasa, zote ziko ndani, kama vile Dar es Salaam, Mombasa na Kampala.

Ndani ya hiyo mistari waliruhusu nini? Bunduki za gumegume, zisizo na mifereji ndani, na baruti ya kawaida ya biashara. Wale mliofanya fizikia mnajua mfereji unafanya kazi gani: unaizungusha risasi, na risasi inayozunguka inaenda moja kwa moja, kama mpira uliopigwa kwa ufundi. Ondoa mfereji, risasi inayumba. Kwa Kifaransa silaha zenye mifereji ziliitwa silaha za usahihi. Kwa hiyo hawakukataza bunduki. Walikataza usahihi. Mtu wa kati ya mistari aliruhusiwa kupiga kelele na moshi, asiruhusiwe kupata anapolenga.

Weka sasa hayo mambo mawili mezani, pembeni kwa pembeni. Mwezi mmoja. Katika Surrey, uwanja mpya unafunguliwa kwa kusherehekea kulenga vizuri, na miaka minne baadaye kiwanda kitatoa revolveri yenye jina la uwanja huo. Katika Brussels, kulenga vizuri kunafanywa kosa kwa watu wa nusu ya bara. Sidhani kama mjumbe mmoja aliona kwamba hayo mambo mawili yanahusiana.

Mkataba ulikuwa na milango ya kutokea, na hapo njo penye somo. Silaha za usahihi ziliweza kuingia kwa ajili ya majeshi ya serikali. Ziliweza pia kuingia kwa mtu binafsi aliyetoa dhamana kwamba hataiuza wala kuigawa, na kwa msafiri aliyekuwa na tangazo la serikali yake kwamba silaha ni ya kujilinda. Sasa niambie, mwaka 1890, ni mkulima gani wa Kasenga angepata tangazo la serikali yake?

Watu wa Katanga hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Tarehe 20 Desemba 1891, miezi 17 baada ya zile saini, Kapteni Omer Bodson, Mbelgiji, alimuua mwami Msiri karibu na Bunkeya. Alikuwa katika msafara ulioongozwa na William Stairs, uliotumwa kuitwaa Katanga kwa ajili ya Leopold. Msiri alikataa kuikubali bendera ya Dola Huru. Bodson alimpiga kwa revolveri, na yeye mwenyewe akapigwa pale pale na mtu wa Msiri, akafa. Msiri hakuwa malaika. Aliuza pembe, shaba, na watu pia. Lakini angalia mikono: mkono mmoja umeshika revolveri ya kisasa, ule wa upande wa pili umezungukwa na bunduki za kupakia kwa mdomo. Haikuwa revolveri ya shabaha kama ile ya wazee wa Liège. Ilikuwa ndugu yake ya kazi.

Hapa njo nitaingiza agronomia kidogo. Nilipofanya staji, nilikaa wiki kadhaa katika kijiji kimoja upande wa Bunkeya, tukihesabu mahindi yaliyoharibiwa na nguruwe wa pori. Mzee mmoja, tulimwita Tata, alikuwa analinda shamba lake kwa pupu, ile bunduki ya kienyeji mnayoijua, kitako cha mti kilichochongwa na fundi wa pale pale. Jioni moja akanipa niishike. Kitako kilikuwa kipya, lakini mtutu ulikuwa wa zamani sana. Nilipousugua kwa kidole nikaona alama ndogo: duara lililorefushwa kama yai, ndani yake herufi E, L na G.

Nikamuuliza, "Tata, huu mtutu umetoka wapi?"

Akanijibu, "Mwana, huu njo wa nkambo yangu. Yeye aliupata kwa nani, sijue. Bunduki ya bazungu inapiga mbali. Hii yetu inapiga moshi."

Tukacheka wote wawili. Siku ile sikujua ELG ni nini. Leo najua: ni alama ya upimaji wa Liège. Mji huo una nyumba ya kupima mitutu tangu mwaka 1672, na kila mtutu uliopita salama ulipigwa alama. Mafundi wa Liège walitengeneza silaha bora kwa mabwana wa Ulaya, na mafundi wa mji ule ule walitengeneza kwa maelfu bunduki za bei rahisi za kuuzwa Afrika. Alama ni moja. Mto Meuse ni mmoja. Mtutu mmoja ulienda kulazwa katika sanduku lenye velveti. Mwingine ukaja kupiga moshi katika mahindi ya Tata.

Tuongeze jambo moja zito, kwa sababu bila hilo hadithi ingebaki nusu. Katika Bisley kila risasi ilihesabiwa: unapiga, wanaenda kuangalia karatasi, wanahesabu matundu, wanaandika alama. Katika Kongo ya Leopold risasi zilihesabiwa pia. Askari wa Force Publique na walinzi wa kampuni za mpira walipewa risasi kwa hesabu, na walitakiwa kuonyesha kwamba hawakuzitumia kwa kuwinda nyama. Ushahidi uliotakiwa ulikuwa mkono wa mtu aliyeuawa. Kwa kufidia risasi iliyopotea, mikono ya watu walio hai ilikatwa. Haya yamo katika ripoti ya Roger Casement, konsuli wa Uingereza, iliyotolewa mwaka 1904, na yamo katika picha za wamisionari za miaka ile. Hesabu mbili za risasi, zama moja.

Halafu ukafika mwaka 1908. Olimpiki ilikuwa London, na mashindano ya kulenga yakapelekwa wapi? Bisley, mwezi wa Julai tena. Katika bastola kwa yadi 50, wa kwanza alikuwa Paul Van Asbroeck, Mbelgiji. Wa pili Réginald Storms, Mbelgiji. Brussels ilikuwa na haki ya kufurahi. Miezi minne baadaye, tarehe 15 Novemba 1908, Kongo ikaacha kuwa mali ya Leopold, ikawa koloni ya Ubelgiji. Van Asbroeck hana kosa lolote katika hilo. Alilenga vizuri, akapata medali yake. Ninaweka tu tarehe pembeni kwa pembeni, kwa sababu katika vitabu vya wakusanyaji haziwekwi hivyo, na katika vitabu vyetu vya shule pia haziwekwi.

Nilipomweleza mwenzetu wa Liège haya yote, akanipinga. Alisema: "Ndugu, wewe unaona siasa kila mahali. Wazee wanapenda skrubu na chuma kilichosuguliwa vizuri. Tena wewe Mkongomani, na vita tuliyo nayo Mashariki, unalia kwamba hatukupewa bunduki nzuri?"

Swali lake ni la haki, na nilikaa nalo siku kadhaa. Hapana, sililii bunduki. Kila mmoja wetu ana ndugu aliyekimbia kwa sababu ya silaha, na kama mstari wa digrii 20 ungezuia kweli kila bunduki, ya mweusi na ya mweupe, ya mfanyabiashara wa watumwa na ya mfanyabiashara wa mpira, mimi ningekuwa wa kwanza kuusifu. Shida yangu ni kwamba sheria ilisema inalinda watu, halafu ikawaacha hao watu mbele ya mitutu iliyo sahihi zaidi duniani, wao wakiwa na moshi. Sheria inapotangazwa kwa faida yako, soma kwanza ukurasa wa walioachwa nje yake. Hilo linafaa kwa mkataba wa 1890, na linafaa kwa mikataba ya migodi na ya mashamba ambayo wengi wetu tutaletewa kusaini kama wataalamu.

Kuhusu uzuri, sitaki kudanganya pia. Ile Colt ni nzuri. Fundi aliyesawazisha ule mgongo bapa alijua kazi yake, na mzee aliyevaa glavu hafanyi ubaya kuishangaa. Kinachoniuma ni ile karatasi. Revolveri ile ina barua inayosema ilitoka kiwandani siku gani, ikaenda kwa nani. Mtutu wa Tata, wa zama zile zile au wa kale zaidi, hauna kitu isipokuwa herufi tatu na neno moja: nkambo. Tata akifa, hata hilo neno litakwenda naye.

Basi nikamwomba mwenzetu arudi sokoni, amuulize yule mzee kama ana pia zile bunduki za biashara zilizotengenezwa kwa ajili ya Afrika. Alienda. Mzee alimpokea vizuri, akamwambia anazo tano au sita. Hazikuwa mezani. Zilikuwa zimesimamishwa katika ndoo ya plastiki kwenye kona, kama miavuli siku ya mvua. Alimruhusu azishike, bila glavu.

Wandugu, kama nyumbani kwenu kuna mtutu wa babu, usiuuze haraka na tafadhali usiujaribu kuupiga. Usugue kwa kidole, angalia alama, piga picha. Kisha keti na mzee mwenyewe, muulize ulipita kwa mikono ya nani, ulilinda shamba gani, uliuwa mnyama gani, na kama uliuwa mtu, andika na hilo. Mimi mwezi ujao narudi Bunkeya na daftari.